Mbili na nusu

Mlio ndio uliotangulia. Kishindo kimoja kizito, kana kwamba mtu ameangusha gunia la saruji ghorofa ya juu. Kisha bilauri kabatini zikagongana, taa ikayumba kidogo, na yote yakaisha kabla sijaamua niinuke au nibaki nimekaa. Mwenye nyumba, mama wa miaka sitini hivi aliyekuwa akimenya maharage mezani, hakuacha kazi yake. Aliinua kichwa tu, akatega sikio kama anayengoja mgeni abishe hodi mara ya pili, kisha akasema: "Mbili na nusu."

Nikafungua simu. Dakika chache baadaye taarifa ya awali ikatoka: ukubwa wa 2.4, kina cha kilomita 2 na ushei. Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyekwisha kusahihisha daftari, akarudi kwenye maharage yake.

Tulikuwa Pozzuoli, mji wa bandari magharibi ya Naples, Italia, uliojengwa ndani ya kaldera ya Campi Flegrei. Nasema ndani, si kando. Mtu akisikia neno volkano hutafuta mlima kwa macho, na hapa hakuna mlima wa kutafuta. Kaldera ni shimo linalobaki pale volkano inapotapika magma, yaani mwamba ulioyeyuka, nyingi mno kwa mkupuo mmoja, hata paa la ghala lililoihifadhi likakosa wa kulishikilia na kudidimia. Campi Flegrei ilifanya hivyo miaka 40,000 hivi iliyopita, ikarudia miaka 15,000 hivi iliyopita. Kilichobaki ni bonde lenye upana wa kilomita 12 hadi 15, sehemu yake ikiwa chini ya bahari. Juu ya bonde hilo leo kuna shule, reli, hospitali, mizabibu, na watu wapatao nusu milioni katika eneo ambalo mpango wa dharura umelipaka rangi nyekundu, ya hatari kubwa zaidi.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisoma rekodi za mitetemo ya volkano, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kwa nini ushughulike na matetemeko ambayo hakuna aliyeyahisi? Sababu ni kwamba makubwa ni machache mno kutufundisha chochote. Hesabu ya matetemeko ina tabia yake, na tabia hiyo haibadiliki sana popote duniani: kwa kila tetemeko moja la ukubwa wa 4, utapata kama 10 ya ukubwa wa 3, kama 100 ya ukubwa wa 2, na kama 1,000 ya ukubwa wa 1. Kwenye volkano madogo huzidi hata hapo. Ukingoja lile la 4 ndipo uanze kujifunza, utakuwa na nukta moja kwenye ramani. Ukiyasikiliza madogo, una nukta elfu, na nukta elfu zinaweza kuchora ufa.

Chukua moja tu, la ukubwa wa 0.8, uliangalie kwa karibu. Kwenye skrini kuna mstari unaotetemeka bila kukoma, maana ardhi haitulii hata mara moja: mawimbi ya bahari yanaipiga, upepo unatikisa miti, malori yanapita. Ghafla mstari unaruka, mkato mkali kwenda juu. Hilo ni wimbi la P, lenye mbio, linaloubana na kuuachia mwamba kama mtu anayevuta pumzi. Linaanza kufifia, na kabla halijaisha unakuja mruko wa pili, mpana zaidi. Hilo ni wimbi la S, linaloutikisa mwamba upande kwa upande. Kazi yangu ni kuweka alama mbili: hapa P, hapa S. Pengo lililo kati yake ndilo umbali. Kwenye miamba ya kawaida ya gamba la dunia, kila sekunde ya pengo ni kilomita 8 hivi. Ndani ya kaldera, ambako miamba ya juu ni majivu ya kale yaliyogandamana, mepesi na yenye vinyweleo, mawimbi hujikokota. Sekunde ile ile inakuwa karibu nusu ya umbali huo. Fanya hivyo kwenye vituo vitano, sita, kumi, na mahali pekee panapokubaliana na alama zote ndipo mwamba ulipokatika.

Kina ndicho kigumu. Ukikosa kituo kilicho karibu na juu ya tetemeko lenyewe, unaweza kujua vizuri lilipo kwenye ramani, lakini usijue kama liko kilomita 2 chini au 6. Na kwenye kaldera tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Ndiyo maana watu wa fani hii hung'ang'ania kuweka vyombo mahali pasipo raha: chini ya visima, kwenye mahandaki, hata kwenye sakafu ya ghuba ya Pozzuoli, ambako maboya yamefungwa vipimio vinavyofuata sakafu ya bahari inavyopanda na kushuka.

Kuna jambo moja linalowapotosha wageni. Ukichora chati ya idadi ya matetemeko kwa saa, mara nyingi utaona usiku yameongezeka. Volkano haijui usiku wala mchana. Mji ndio uliolala: treni zimesimama, magari yamepungua, na mitetemo midogo iliyokuwa imefunikwa na kelele inaonekana. Nilijifunza hilo kwa uchungu. Katika miezi yangu ya mwanzo, nikisoma rekodi za volkano nyingine, niliweka alama kwenye matetemeko kadhaa yaliyofanana, kila siku yakija karibu na saa sita mchana. Niliandika kwamba nimepata kitu kipya. Mwalimu wangu aliutazama ukurasa kwa muda, akaniuliza swali moja: "Na Jumapili?" Jumapili hakukuwa na hata moja. Ilikuwa baruti ya machimbo ya kokoto. Tangu siku hiyo, kabla sijaamini hesabu yoyote, namwuliza kwanza binadamu alikuwa anafanya nini saa hiyo.

Si kila mtetemo ni mwamba unaokatika, pia. Mwamba ukikatika rekodi yake huanza kwa ukali, kama kuni kavu inayovunjwa gotini. Mingine huanza polepole, haina mkato ulio wazi, na hutikisika kwa mdundo mzito wa polepole kwa sekunde nyingi, kama mvumo wa chupa inayopulizwa mdomoni. Hiyo huja pale gesi, maji ya moto au magma inaposukumana ndani ya ufa na kuta za ufa zikavuma. Mvumo wa namna hiyo ukirefuka ukawa wa dakika au saa, ni mtetemo endelevu, na hapo kila aliye kwenye chumba cha uangalizi huacha chai yake. Campi Flegrei hadi sasa hutoa zaidi ile aina ya kwanza. Ni ardhi inayovunjika, na swali ni nini kinachoivunja.

Jibu la nusu unaliona ufukweni. Katikati ya Pozzuoli kuna magofu ya soko la Kirumi, na nguzo tatu za marumaru zimebaki zimesimama. Nenda karibu. Chini nguzo ni laini, juu ni laini, lakini katikati kuna mkanda mpana uliotobolewatobolewa. Matundu hayo yalichimbwa na kome, aina ya kome watoboa mawe wanaoishi baharini tu, na yanafika karibu mita 7 juu ya sakafu. Maana yake soko hilo lilijengwa nchi kavu, likazama likiwa limesimama hadi wanyama wa bahari wakahamia kwenye nguzo zake, kisha likainuka tena. Bahari haikupanda na kushuka kiasi hicho. Ni ardhi iliyofanya hivyo. Waitaliano wana neno lake, bradisismo, lenye asili ya Kigiriki: mwendo wa polepole wa ardhi.

Mara moja katika historia iliyoandikwa mwendo huo uliishia kwenye moto. Hati za mwaka 1503 na 1511 tayari zinataja ardhi mpya ambako bahari ilikuwa ikikauka. Miaka ikapita, matetemeko yakazidi. Mwisho wa Septemba 1538 bahari ilirudi nyuma ghafla, samaki wakabaki mchangani na watu wakawaokota. Na tarehe 29 ardhi ikapasuka. Kwa wiki moja tu ukaota mlima ambao haukuwapo, Monte Nuovo, Mlima Mpya, wenye urefu wa mita 130 hivi. Tarehe 6 Oktoba, wakati watu walipodhani umetulia na kupanda kwenda kuuangalia, ulilipuka tena na kuwaua 24.

Kisha zikaja karne nne za kuzama taratibu. Mwaka 1969 ardhi ilianza kuinuka tena. Machi 1970 wakazi wa Rione Terra, mtaa wa kale ulio juu ya mwamba kando ya bandari, waliondolewa kwa amri, na wengi wao hawakurudi tena kuishi pale. Kufikia 1972 mji ulikuwa umepanda mita 1.7 hivi. Kati ya 1982 na 1984 ukapanda mita nyingine 1.8, mara hii na maelfu ya matetemeko. Tarehe 1 Aprili 1984 yalihesabiwa zaidi ya 500 ndani ya saa sita. Wenzetu wa fani hii hulifananisha kundi la namna hiyo na nyuki, nami kwa Kiswahili hupenda kuliita bumba, maana ndivyo linavyosikika: hakuna mmoja unayeweza kusema ndiye kiongozi. Watu wapatao 40,000 walihamishwa. Mama mwenye nyumba alikuwa binti wakati huo. Aliniambia walilala kwenye gari la mjomba wake wiki tatu, na hadi leo hawezi kulala mlango wa chumba ukiwa umefungwa kwa ufunguo.

Mwisho wa 1984 ikakoma. Hapakuwa na mlipuko. Ardhi ikarudi chini karibu mita moja kwa miaka ishirini. Kisha, tangu 2005, imekuwa ikipanda tena, na kufikia 2025 ilikuwa imepanda mita 1.4 hivi. Shuka kwenye gati ndogo la wavuvi uone: mashua zimekaa juu ya tope, kamba zao zimelegea, na ngazi ambazo zamani zilishuka majini sasa zinaishia hewani.

Hapa ndipo madogo yanapoeleza kitu ambacho kipimo cha kupanda kwa ardhi peke yake hakielezi. Baada ya 2005 ardhi ilipanda kwa miaka mingi na matetemeko yakawa machache. Kisha yakaanza kuongezeka, pole pole, halafu kwa kasi, hasa ardhi ilipopita kimo ilichokuwa imefikia 1984. Mwamba una kumbukumbu. Ukishaukunja kiasi fulani ukapasuka ndani kwa ndani, ukaulegeza, kisha ukaukunja tena, hutoa sauti chache hadi ufike pale ulipoachia mara ya kwanza. Ukipita hapo, unaanza kuvunjika upya. Mafundi wa maabara wanalijua jambo hili kwenye vipande vidogo vya jiwe. Kuliona kwenye mji mzima ni jambo jingine. Siku nilipoilaza chati ya miinuko juu ya chati ya matetemeko, nilikaa muda mrefu bila kugusa kompyuta.

Makubwa nayo yamefuata: 4.2 mwezi Septemba 2023, 4.4 tarehe 20 Mei 2024, ambapo zaidi ya watu elfu moja walitolewa kwenye nyumba zilizoharibika, kisha 4.6 mara mbili ndani ya 2025, Machi 13 na Juni 30. Kwingineko tetemeko la 4.6 lingekuwa habari ya mchana mmoja. Hapa linatokea kilomita 2 au 3 chini ya jiko la mtu, na ndiyo sababu mlio hutangulia na ukuta hupasuka.

Mwaka 2025 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa kuifundisha kompyuta kusoma rekodi kama ninavyozisoma mimi, alama ya P na alama ya S, lakini bila kuchoka. Katika rekodi za tangu 2022 ilipata matetemeko zaidi ya 54,000, karibu mara nne ya yaliyokuwa yamejulikana. Yaliyoongezeka karibu yote ni madogo mno kuhisiwa. Lakini yalipowekwa kwenye ramani, ukungu wa nukta ukawa mistari, na mistari ikajikunja kuwa pete inayozunguka eneo linaloinuka, nyembamba na iliyo wazi. Ufa wa pete. Kwa aliyewahi kuhangaika na nukta zilizotawanyika, picha ile ni kama kufutiwa miwani.

Pete hiyo si ya Campi Flegrei pekee. Kaldera ya Bárðarbunga huko Iceland ilipodidimia mita 65 kati ya 2014 na 2015, matetemeko yake yalipanga mstari kwenye kingo. Kīlauea huko Hawaii mwaka 2018 ilizama kwa hatua 62, karibu kila hatua na tetemeko lake la ukubwa wa 5 hivi, hadi sehemu ya sakafu ya kaldera ikawa imeshuka mita 500.

Lakini kaldera inayonifikirisha kuliko zote ni Rabaul, Papua New Guinea. Nayo ina mji na bandari ndani yake. Mwaka 1937 ililipuka na kuua watu 500 hivi. Septemba 1983 matetemeko yalianza kuongezeka kwa namna iliyotisha. Aprili 1984 peke yake yalihesabiwa zaidi ya 13,000, na yalipochorwa yalionyesha umbo la yai lililo wazi, ufa wa pete. Tahadhari ikapandishwa, mipango ya kuhama ikaandikwa, watu wakafanya mazoezi. Kisha idadi ikashuka. 1985 kimya. Miaka ikapita na mji ukarudi kwenye shughuli zake. Usiku wa kuamkia Septemba 18, 1994, yakapiga matetemeko mawili ya ukubwa wa 5 hivi. Yakafuata mengine usiku na mchana. Baada ya saa 27 tu volkano mbili, Tavurvur upande mmoja wa ghuba na Vulcan upande wa pili, zilikuwa zinalipuka.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Miezi mingi ya maelfu kwa maelfu, na hakuna kilichotokea. Kisha siku moja na saa tatu, na mji ukazikwa na majivu. Mtu aliyekuwa anangoja idadi ifike ile ya 1984 ndipo akimbie, angekufa. Makumi ya maelfu waliondoka kabla ya mlipuko, wengi bila kungoja amri, na waliopoteza maisha walikuwa wachache sana. Mazoezi ya miaka kumi nyuma yalikuwa bado yamo miguuni mwao.

Kwa hiyo nikiona kichwa cha habari kinachosema "matetemeko 150 kwa usiku mmoja, volkano kuu yaamka", hukasirika kweli. Idadi si saa inayorudi nyuma kuelekea sifuri. Na nikimsikia kiongozi akisema hakuna cha kuhofia, hukasirika zaidi, kwa sababu Rabaul pia palikuwa na miaka ya kimya kabla ya mlipuko. Linaloniuma ni kwamba yote mawili hulitia tetemeko dogo maneno ambayo halikuyasema. Lilichosema ni: mwamba umekatika hapa, kwa kina hiki, kuelekea huku. Yapo mengine ya kuuliza, nayo yana vyombo vyake: ardhi inapanda kwa kasi gani, gesi inayofuka Solfatara na Pisciarelli, sehemu mbili za kaldera hii, ambayo ni maelfu ya tani za kaboni dioksaidi kwa siku, imebadilikaje, je matetemeko yanapanda juu wiki hadi wiki. Ni mbadiliko wa vyote kwa pamoja unaowatisha wajuzi.

Kusema ukweli wa namna hiyo kuna gharama. Long Valley, kaldera ya California, ilipigwa na matetemeko manne ya ukubwa wa 6 hivi ndani ya siku chache za Mei 1980, na ardhi ikaanza kuvimba. Mwaka 1982 wanajiolojia wa serikali walitoa ilani ya hatari ya volkano. Wageni wakapungua, bei za nyumba zikaanguka, na hasira za wenyeji wa Mammoth Lakes ziliwaangukia waliotoa ilani. Mlipuko haukuja. Lakini mji uliokuwa na njia moja tu ya kutokea ulijengewa ya pili. Baadaye waliipa jina la barabara ya mandhari, na watalii huipita wakipiga picha za misonobari. Mimi naihesabu barabara hiyo kuwa matokeo mazuri ya kisayansi.

Campi Flegrei iko kwenye tahadhari ya rangi ya njano tangu Desemba 2012, ngazi ya pili kati ya nne. Miaka mingi ya njano huchosha. Usiku wangu wa mwisho pale mama aliniuliza, akiwa anafuta meza, lile kubwa litakuja lini. Nilimwambia kwamba hakuna anayeweza kumpa tarehe. Kwamba inaweza kukoma kama 1984, kwamba inaweza isikome. Na kwamba vyombo vitaona mabadiliko, ila muda wa kuyafanyia kazi unaweza kuwa mfupi. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipeleka mlangoni, akanionyesha mkoba mweusi nyuma ya koti: dawa za mumewe, viatu, hati za nyumba kwenye mfuko wa plastiki, tochi. "Betri nabadilisha kila Krismasi," alisema.

Asubuhi, nikingoja teksi, nilifungua rekodi za usiku. Saa tisa na dakika kumi na mbili kulikuwa na moja, ukubwa wa 0.9, kina cha kilomita 1.8, upande wa Solfatara. Mkato mkali, pengo la chini ya sekunde moja, kisha kimya. Nilimwuliza kama alisikia chochote. Alisema hapana, alilala fofofo, na akataka kujua lilikuwa wapi hasa.